Je, wajua kwa nini mwanamke huvuja mkojo ilhali njia imeziba?

Mama anachuchumaa chooni dakika tano, mkojo unakatika-katika, akiinuka hajaisha. Usiku anaamka mara nne, akicheka kanga inalowa. Anapewa dawa ya yuti ai (maambukizi ya njia ya mkojo), anapata nafuu, inarudi. Mkojo uliobaki kibofuni huzalisha vijidudu, na kibofu kisichoisha hufurika.

Wengi hudhani kuziba mkojo ni shida ya wazee wenye tezi dume. Mrija wa mkojo wa mwanamke ni mfupi, kama sentimita 4, lakini nao hukunjika. Kibofu au kizazi kikishuka, huuvuta ukapinda kama mpira wa maji uliokunjwa. Kuna dalili moja ambayo kina mama wa Malindi na Lamu huificha kwa haya: kurudisha ndani kwa kidole kile kinyama kinachotokeza ukeni ndipo mkojo utoke. Mwambie daktari hilo kwanza, lina thamani kuliko vipimo vingi. Sababu nyingine ni faibroidi (uvimbe wa kizazi), kovu la mrija, ukeketaji ulioshonwa, utepe wa upasuaji wa kuzuia kuvuja mkojo uliokazwa mno, au misuli ya nyonga isiyolegea.

Nenda na daftari la siku tatu: saa, na mililita ulizopima kwa jagi. Baada ya kukojoa, ultrasaundi ya kupima mkojo uliobaki kibofuni ipigwe papo hapo. Ukikaa foleni nusu saa, figo zishaongeza mkojo mpya na hesabu inaharibika. Mkojo ukibaki zaidi ya mililita 150, huo ni mwingi.

Mkojo dhaifu peke yake haumaanishi kuziba. Kibofu kilicholegea, mathalani kwa kisukari, nacho hutoa pole pole. Ndiyo maana hupimwa kasi ya mkojo na shinikizo la kibofu pamoja, kwa mipira myembamba: mmoja kibofuni, mwingine njia ya haja kubwa. Kasi isiyofika mililita 12 kwa sekunde huku shinikizo likipita sentimita 25 za maji huashiria kuziba, ingawa wataalamu hawajakubaliana namba moja. Kasi ndogo na shinikizo dogo ni kibofu kuchoka, na kufungua njia hakutakisaidia. Ukikojoa chini ya mililita 150, au ukining'inia juu ya kiti cha kukojolea kwa kuogopa uchafu, kipimo hudanganya.

Mkojo ukigoma kabisa na tumbo la chini likawa gumu, usingoje boti ya Mokowe, gati ya bara ng'ambo ya Lamu, wala basi la Mombasa. Mpira wa mkojo uwekwe hospitali iliyo karibu, siku hiyo hiyo, safari baadaye.