Kutokukutwa na Mzigo Si Utetezi

Wiki hii nimeambiwa tena kwa simu, na mtu mzima mwenye elimu yake: "Wakili, huyu kijana ataachiwa tu. Hawakumkuta na kitu." Imani hii, kwamba asiyekutwa na dawa za kulevya mkononi hana kesi, imezagaa kwenye makundi yetu ya WhatsApp, kuanzia Columbus hadi Minneapolis, na inawaponza watu. Mtu anayeamini hana kesi huongea ovyo. Huwajibu maofisa bila wakili, huropoka kwenye simu ya mahabusu inayorekodiwa, humtumia mwenzake ujumbe wa "tuseme hivi". Anapofika kwangu, sehemu kubwa ya ushahidi ameshaitoa mwenyewe.

Nazungumzia mahakama za shirikisho la Marekani, ambako ndiko ninakotetea. Kesi za majimbo zina taratibu zake.

Shtaka la kwanza kwenye hati nyingi ninazopokea si la kukutwa na dawa. Ni la kula njama, chini ya kifungu cha 846 katika Juzuu ya 21 ya sheria za shirikisho. Maneno yake yanafanana kesi baada ya kesi: kuanzia tarehe isiyojulikana kamili hadi siku fulani, mshtakiwa, pamoja na wengine wanaojulikana na wasiojulikana, walikubaliana kusambaza dawa za kulevya. Basi. Tafuta mahali palipoandikwa kwamba mzigo ulikuwa mkononi mwako. Hapapo. Kosa ni makubaliano yenyewe, na adhabu yake ni ileile ya kosa mlilokubaliana kulitenda. Mwaka 1994, katika kesi ya Shabani, Mahakama ya Juu ilisema mwendesha mashtaka wa njama ya dawa za kulevya halazimiki hata kuthibitisha kwamba kuna hatua yoyote iliyochukuliwa kuitekeleza.

Wasomaji wa Mombasa wanaikumbuka kesi ya ndugu wawili, Baktash na Ibrahim Akasha. Heroini kilo 99 na methamfetamini kilo 2 zilikabidhiwa Kenya mwaka 2014 kwa watu waliojifanya wanunuzi, kumbe wanafanya kazi na DEA, idara ya Marekani ya kupambana na dawa za kulevya, na mazungumzo yalikuwa yakirekodiwa. Januari 2017 ndugu hao wakapelekwa New York. Oktoba 2018 wakakiri mashtaka, yakiwemo ya silaha na ya kuhonga maofisa wa Kenya. Baktash akapewa miaka 25, Ibrahim 23. Mzigo ulipokelewa Nairobi na watu wa serikali ya Marekani yenyewe, na bado kesi ikasimama, kwa sababu kifungu cha 959 cha juzuu hiyohiyo kinamfikia hata anayesambaza akiwa nje ya nchi, mradi anajua au anakusudia kwamba mzigo utaingia Marekani.

Nikishaeleza haya, msikilizaji huruka hadi upande wa pili: "Kumbe ukijua tu, umekwisha." Hapana! Na hapa ndipo ninapokereka zaidi, maana nimewasikia hata mawakili wakilisema hilo. Kujua si kukubali. Kuwapo si kukubali. Kuwa binamu wa mtu, kulala nyumbani kwake, kula chakula chake na kufahamu fika kazi anayofanya, hayo yote kwa pamoja bado si njama. Serikali inatakiwa kuthibitisha, pasipo shaka ya maana, kwamba ulijiunga kwa hiari ukiwa na nia ya kulifanikisha lengo.

Mahakama ya Juu iliuchora mpaka huu zamani, kwa kesi mbili ninazozirudia kila mara. Katika kesi ya Falcone, mwaka 1940, walioshtakiwa walikuwa wamewauzia sukari na vifaa vingine wapika pombe haramu. Mahakama ikasema kumuuzia vifaa mtu wa namna hiyo, pasipo jingine la ziada, hakukufanyi mla njama. Miaka mitatu baadaye ikaja kesi ya Direct Sales, kampuni ya dawa iliyomuuzia daktari mmoja wa Carolina Kusini maelfu ya vidonge vya mofini kwa njia ya posta, mwezi baada ya mwezi, kwa bei ya jumla yenye punguzo. Hao walitiwa hatiani. Sukari hununuliwa na kila mtu, lakini mofini kwa wingi ule, kwa muda ule, huku muuzaji akichochea mauzo, inaonyesha kwamba muuzaji naye amejiingiza kwenye shughuli ya mnunuzi.

Ndiyo maana siulizi kwanza walikukuta na nini. Nauliza: ulikuwa unalipwaje? Ulipewa mali kauli? Anayenunua unga wa kutumia mwenyewe na kulipa taslimu ni mnunuzi. Kununua kwa muuzaji peke yake hakujengi njama ya kusambaza. Anayepewa mzigo kwa ahadi ya kulipa akishauuza, wiki hadi wiki, amepewa imani ya kibiashara, na imani hiyo ndiyo mwendesha mashtaka ataiweka mbele ya juri, yaani raia kumi na wawili wanaoamua kama mtu ana hatia.

Chukua kijana anayeendesha gari. Binamu anampigia: "Njoo unipeleke mahali, nitakupa mia." Safari ya kwanza anasubiri nje na kusikiliza redio. Safari ya tatu analipwa mia tatu kwa mwendo wa dakika ishirini. Safari ya tano anaambiwa aegeshe gari mtaa wa pili na asizime injini. Kwa ile ya kwanza ninaweza kusimama mbele ya juri nikiwa na moyo mweupe. Kwa ya tano, nitaulizwa nani hulipa dola mia tatu kwa dakika ishirini. Na "sikuuliza" haisaidii ikiwa ni dhahiri kwamba alijizuia kuuliza ili asijue. Lakini mkononi hakuwa na kitu safari zote tano.

Jaji huwaeleza wanajuri tofauti hii kwa sentensi chache. Vitabu husema juri hufuata maelekezo. Mimi nina mashaka. Baada ya siku kadhaa za kusikiliza simu zilizonaswa, sina hakika kwamba watu kumi na wawili waliochoka wanaweza kutenganisha "alijua" na "alijiunga". Mashaka hayo huingia moja kwa moja kwenye ushauri ninaompa mteja kuhusu kupigana au kukiri, na sioni njia ya kuyaondoa.

Uzito nao huwapoteza watu. Kwa heroini, gramu 100 huleta kima cha chini cha kifungo cha miaka 5, na kilo moja huleta miaka 10. Kwa kokeini ni gramu 500 na kilo 5, na kwa fentanili gramu 40 na 400. Kinachopimwa ni mchanganyiko wote, si dawa safi, kwa hiyo chochote kilichochanganywa ndani nacho kinahesabiwa. Tena hakuna sharti mzigo uwe mezani. Shahidi akisema, "Nilikuwa nampa gramu 50 kila wiki kwa miezi sita," hiyo ni kilo 1.3, bila mfuko hata mmoja kukamatwa. Tangu kesi ya Alleyne ya 2013, uzito unaovuta kima cha chini lazima uthibitishwe mbele ya juri pasipo shaka ya maana. Ila katika mwongozo wa adhabu, ambao jaji huutumia kupanga miaka ya kifungo, huukadiria mwenyewe, kwa kipimo cha ushahidi kilicho chini ya hicho. Ninatumia muda mwingi kubishania hesabu hizi kuliko kitu kingine chochote. Na msahau parole, yaani kuachiwa mapema kwa masharti; katika mahakama za shirikisho ilifutwa kwa sheria ya 1984.

Mirungi. Naulizwa sana na Wakenya, kwa kuwa kwao miraa ni zao halali. Hapa mmea wenyewe haujatajwa kwa jina kwenye orodha ya shirikisho ya dawa zinazodhibitiwa, lakini kathinoni, kemikali ya kulevya iliyomo ndani iko daraja la kwanza, pamoja na heroini. Kathinoni huoza haraka majani yakikauka, hivyo tarehe ya kupimwa maabara ni muhimu. Na serikali lazima ithibitishe kwamba ulijua umebeba kitu kilichokatazwa. Huo ni utetezi wa kweli, lakini ukishamwandikia mtu "ficha hilo boksi", umeudhoofisha sana.

Kuhusu kushirikiana na serikali, mama wa mshtakiwa huniuliza: "Mwanangu aseme?" Kuna njia ya kushuka chini ya kima cha chini kwa asiye na rekodi nzito, asiyetumia nguvu wala kuwa kiongozi, akiieleza serikali ukweli wote anaoujua kabla ya hukumu. Kwa njia hiyo hatakiwi kutoa ushahidi dhidi ya mtu. Njia nyingine ni msaada mkubwa kwa upelelezi, ambao ni mwendesha mashtaka pekee anayeweza kuuombea punguzo la namna hiyo. Kisheria naweza kuieleza yote. Lakini kama ana wadogo zake Goma au Mombasa na aliowataja wanajua wanapoishi, sina jibu la kitabu. Tunakaa, tunazungumza, na wakati mwingine natoka pale nikiwa sijui kama nimeshauri vema.

Asiye raia amwambie wakili hali ya hati zake siku ya kwanza. Tangu kesi ya Padilla ya 2010, wakili ana wajibu wa kumweleza mteja kama kukiri kutamfukuzisha nchini, na kwa makosa ya kusambaza dawa jibu karibu kila mara ni ndiyo. Na wakili wa kupangiwa na mahakama ya shirikisho si wakili wa serikali. Wengi wao wanazijua kesi hizi kuliko mtu mtakayemchangia harambee.

Ndugu akikamatwa, nipigie unipe jina lake kama lilivyo kwenye pasipoti, tarehe ya kuzaliwa, na mji alikokamatwa. Habari ya kilichotokea usinipe kwenye simu, na yeye akikupigia kutoka mahabusu, muulize kama amekula, kama anapata dawa zake za presha, na umwambie wakili anakuja.