Meno yaliyolika hayajengwi kwa siku moja

Tarehe 1 Oktoba, siku ya kimataifa ya wazee, inakaribia, na katika idara yetu ya meno hapa Goma foleni imerefuka. Malalamiko nayo yameongezeka: «Nililipa fishi (kadi ya matibabu), nikarudishwa nyumbani bila jino hata moja.» Ni kweli, na tutaendelea hivyo.

Mzee akipoteza magego, kazi yote ya kutafuna inahamia meno ya mbele, nayo yanasagika. Ongeza kusaga meno usiku, malimau, soda, tindikali inayopanda kutoka tumboni, na vijiwe vya maharage yasiyochaguliwa vizuri. (Madoa ya kahawia yanayotokana na floridi ya maji ya huku kwenye volkano ni shauri jingine, tafadhali msichanganye.) Mwishowe kidevu kinaisogelea pua, pembe za mdomo zinalowa mate na kuchubuka.

Kwa hiyo tunaanza kwa rula. Tunatia nukta mbili kwa kalamu, moja kwenye ncha ya pua, moja kwenye kidevu. Tunapima taya likiwa limepumzika, kisha meno yakiwa yameumana. Kwa kawaida tofauti ni milimita 2 hadi 4. Mama mmoja juzi alikuwa na 9, yaani akiuma, uso wake unafupika kupita kawaida. Ukimjengea kwenye urefu huo uliopungua, meno mapya hayana nafasi, yatavunjika. Ukiuinua urefu huo kupita kiasi, taya litamuuma. Ndiyo maana anavaa kwanza gutiera, yaani kifuniko cha meno cha plastiki ngumu, kwa wiki kadhaa. Akiizoea, ndipo resini (kijazio cha rangi ya jino), kofia za meno, au bandia ya magego.

Na hapana, kung'oa yote «ili kuanza upya» si matibabu! Hata kisiki cha jino, kikiwa kizima, kinalinda mfupa wa taya.

Utaratibu: fishi inalipwa kwenye kese, si mkononi mwa muuguzi. Risiti ibaki na mgonjwa. Bila risiti faili haifunguliwi. Jina liandikwe kama lilivyo kwenye karta ya mpiga kura. Dawa za presha na sukari zije ndani ya pakiti zake. Anayekosa rendevu mbili bila taarifa anarudi mwisho wa orodha, na vipimo vya plasta (nakala ya meno yake) vinachukuliwa na kulipiwa upya, kwa sababu mdomo haumsubiri mtu.

Mwenye bandia ya zamani asiiache nyumbani, hata kama imevunjika: inatuonyesha alivyokuwa akiuma zamani.