Je, wajua kwa nini picha ya skrini bapa husafiri kwa jozi za nyaya?

Skrini yenye pikseli 1920 kwa 1080 kwa kawaida huchora picha upya mara 60 kila sekunde, na kila pikseli huhitaji biti 24 (biti ni alama ya 0 au 1), yaani biti 8 kwa kila rangi kati ya nyekundu, kijani na buluu. Ukizidisha, utapata takribani biti bilioni 3 zinazopaswa kuifikia skrini kila sekunde bila kupotea.

Ugumu uko kwenye kasi hiyo. Volti kubwa huchelewa kupanda na kushuka, tena hutoa mawimbi yanayovuruga nyaya za jirani. Volti ndogo nayo humezwa kirahisi na vurugu za umeme zitokazo nje. Ndiyo maana kila mkondo wa biti hupewa nyaya mbili zinazokwenda sambamba: mmoja ukipanda, mwenzake hushuka, na kipokezi husoma tofauti iliyopo kati yake tu. Tuseme mmoja una milivolti 1375 na mwingine 1025, tofauti ikiwa 350. Vurugu ikiongeza milivolti 200 kwenye nyaya zote mbili, zitasomeka 1575 na 1225, na tofauti itabaki 350 ileile.

Mbinu hiyo, iitwayo LVDS, imetumika kwa miaka mingi ndani ya televisheni na kompyuta za mkononi, kati ya bodi kuu na paneli. Katika mpangilio uliozoeleka, jozi 4 hubeba biti 28 kwa kila pigo la saa, yaani ishara inayojirudia ili kupanga mwendo wa biti: 24 za rangi, na nyingine za kuonyesha mstari au picha mpya inapoanza.

Kebo ya HDMI, inayounganisha skrini na vifaa vya nje na ambayo toleo lake la kwanza lilitoka mwaka 2002, hutumia jozi pia. Katika matoleo yake ya awali, jozi 3 hubeba rangi na ya nne hubeba mapigo ya saa, huku kila biti 8 zikigeuzwa kuwa 10 ili idadi ya 0 na 1 ilingane. DisplayPort, aina nyingine ya kiunganishi cha skrini, haina jozi ya saa. Kipokezi huyatambua mapigo kutokana na data yenyewe.

Kwa kuwa kipokezi husoma 0 au 1 tu, kebo ya bei kubwa haizidishi uzuri wa rangi, hata muuzaji aseme nini. Kebo iliyo hafifu au ndefu kupita kiasi haipaushi picha, bali huleta vidoa vinavyometameta, au skrini huwa nyeusi kabisa.