SHA haijalipwa, mgonjwa yuko nyumbani: maswali yanayoulizwa sana

SHA ni nini, na SHIF ni nini?

SHA ni Mamlaka ya Afya ya Jamii, yaani ofisi inayosimamia bima ya afya Kenya. SHIF ni mfuko wa bima wenyewe, ule tunaouchangia. Vilichukua nafasi ya NHIF, bima ya awali ya serikali, tarehe 1 Oktoba 2024, kwa hivyo ile kadi ya zamani unayoitunza kwenye pochi haina kazi tena. Kando ya SHIF kuna mfuko wa afya ya msingi, ambao hugharamiwa na serikali, na mwingine wa dharura na magonjwa sugu, ambao hulipia matibabu ya dharura, na kwa magonjwa sugu huingia pale fedha za SHIF za mgonjwa zinapokwisha. Tafadhali usichanganye mfuko wa afya ya msingi na SHIF. Kuchanganya hiyo miwili ndiko kunakowaweka watu nyumbani na wagonjwa wao.

Mtoto ana homa na sijalipa SHA. Si ningoje nipate pesa kwanza?

Hapana. Usingoje.

Zahanati (kiwango cha 2) na kituo cha afya (kiwango cha 3) chenye mkataba na SHA humtibu mtoto huyo kwa mfuko wa afya ya msingi. Huko huulizwi kama umelipa mchango. Unaulizwa kama umesajiliwa, basi, na kusajiliwa ni bure. Unapiga *147# ukiwa na kitambulisho, unafuata maagizo, unamaliza. Kama simu inakusumbua, mhudumu wa afya ya jamii wa kijijini kwenu husajili, na vituo vingi husajili papo hapo. Kama hata hilo hukulifanya, nenda hivyo hivyo, utasajiliwa ukiwa kwenye foleni.

Tunaona watoto wanaoletwa siku ya nne ya homa, na maelezo ni yale yale: "tulikuwa tunatafuta pesa ya SHA." Pesa hiyo haikuhitajika kwa kipimo cha malaria wala kwa dawa ya nimonia katika zahanati. Siku tatu zimepotea bure.

Kuna dalili ambazo hata asubuhi haingojwi: mtoto anashindwa kunyonya au kunywa, anatapika kila anachomeza, amepata degedege, amelegea na haamki vizuri, au kifua kinabonyea ndani anapovuta pumzi. Ukiona mojawapo, ondoka nyumbani saa hiyo. Habari ya SHA mtaizungumzia mkishafika.

Je, nikianza na dawa za dukani, si ni nafuu?

Ni nafuu kwa siku moja. Dozi ya AL, dawa ya kawaida ya malaria, kwa mtu mzima ni tembe 24: tembe 4 mara mbili kwa siku, kwa siku 3. Watu hununua 8 kwa sababu ndizo zinazotoshana na pesa iliyo mfukoni. Homa inashuka, vimelea vinabaki, na wiki haijaisha mgonjwa amelala tena, safari hii amepungukiwa damu. Na hapo tumechukulia kwamba ilikuwa malaria. Homa nyingi si malaria, na hakuna mwenye duka anayeijua kwa kukutazama usoni.

Hesabu ulichotumia: tembe za maumivu, antibiotiki nusu dozi, sindano ya "kuongeza nguvu", kisha bodaboda ya kukupeleka hospitali usiku. Ukijumlisha, mara nyingi umeukaribia mchango wa mwaka mzima wa SHA wa kaya ndogo.

Nimesajiliwa. Mbona hospitali ya kaunti inanidai pesa?

Kwa sababu kusajiliwa si kulipa. Usajili unakufungulia zahanati na kituo cha afya. Kulazwa, upasuaji, kujifungua na matibabu makubwa katika hospitali za kiwango cha 4 kwenda juu hulipiwa na SHIF, na SHIF humlipia aliyechanga. Kwa viwango vilivyotangazwa, SHIF hulipa shilingi 3,360 kwa kila siku ya kulazwa katika hospitali ya kiwango cha 4, 10,000 kwa kujifungua kwa kawaida na 30,000 kwa upasuaji wa uzazi. Kama hujachanga, gharama hizo ni zako.

Na ukiiruka zahanati ukaenda hospitali kubwa kwa sababu ya kikohozi, tarajia kutoa pesa mfukoni. Anza chini. Ikihitajika watakupa rufaa.

Nachanga kiasi gani?

Aliyeajiriwa hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara wote kila mwezi. Kwa mshahara wa 40,000 hiyo ni 1,100. Mkulima, mama mboga, fundi na mwendesha bodaboda huulizwa maswali kuhusu kaya yao, kama vile nyumba ilivyojengwa, maji yanakotoka, choo, mifugo na idadi ya watu, kisha mtambo unakadiria mchango. Hauwezi kushuka chini ya 300 kwa mwezi, na hulipwa wa mwaka mzima kwa pamoja. Maana yake ni 3,600 kwa uchache.

Maswali hayo yajibu mwenyewe. Wako wanaomwachia kijana wa saiba ajaze haraka haraka, halafu wanashangaa mbona wamekadiriwa kama wenye maghorofa. Ikiwa makadirio hayalingani na maisha yako, peleka malalamiko kwa ofisi ya SHA au dawati lao katika Huduma Centre. Ila kususa si malalamiko. Unaweza kunung'unika mwaka mzima, na ugonjwa utakukuta hapo hapo ukinung'unika.

Kwani siwezi kulipa siku nitakayougua?

Swali hili huulizwa kila wiki, na kila wiki jibu ni lile lile: usifanye hivyo.

Siku utakayougua hutadaiwa mwezi mmoja. Utadaiwa mwaka mzima. Kaya iliyokadiriwa 600 kwa mwezi itahitaji 7,200 saa nane za usiku, na wakati huo huo inahitaji pesa ya gari, ya chakula, na ya ndugu atakayebaki na mgonjwa. Simu zinapigwa, kundi la WhatsApp linaundwa, mbuzi anauzwa kwa bei ya kutupa. Pesa ikipatikana, mtandao unakwama. Na mgonjwa bado yuko kitandani nyumbani, kwa sababu mzee mmoja amesema "tulipe kwanza ndiyo twende."

Tafadhali, wazee wetu: hakuna "tulipe kwanza ndiyo twende." Mgonjwa atangulie, pesa ifuate.

Ugumu wa kupata 3,600 kwa mkupuo tunauelewa. Kwa hivyo zigawe kabla ya ugonjwa. Shilingi 10 kwa siku ni 3,650 kwa mwaka. Chama kinachoweza kununulia kila mwanachama sufuria kinaweza pia kumlipia kila mwanachama SHA kwa zamu. Vilevile kuna mpango wa Lipa SHA Pole Pole, unaokukopesha mchango wa mwaka ukaurejesha kidogo kidogo. Unaupata kwa *147#.

Hospitali inaweza kumkataa mgonjwa mahututi kwa kukosa SHA?

Katiba ya Kenya, kifungu cha 43(2), inasema mtu hatanyimwa matibabu ya dharura. Ajali, damu isiyokoma, degedege, kushindwa kupumua, mama aliyezirai: mpeleke. Bili itakuja, ndiyo, na itaumiza. Lakini bili ina mazungumzo. Ukifika hapo, omba afisa wa masuala ya kijamii wa hospitali. Wengi hawajui kwamba yupo.

Mke wangu ni mjamzito. Tulipe lini?

Leo. Mimba ni miezi tisa, na hakuna ugonjwa mwingine unaokupa notisi ndefu namna hiyo. Bado tunapokea akina mama wenye uchungu ambao waume zao wako nje wakijaribu *147# kwa mara ya kwanza.

Kliniki ya wajawazito aianze mapema katika zahanati. Kila mtu mzima ajisajili kwa kitambulisho chake mwenyewe, kisha mwenzi aongezwe kwenye kaya. Watu huisahau hatua hiyo ya pili: baba amelipa, mama hayumo kwenye kaya yake, na mtambo hauna huruma. Mtoto akizaliwa, mwongezeni mara moja.

Kutokwa na damu wakati wa mimba, kuumwa kichwa sana huku macho yakiona ukungu, chupa kuvunjika, au damu nyingi baada ya kujifungua, hayo hayangoji mume atoke kazini. Damu nyingi baada ya kujifungua inaweza kumuua mama kwa saa mbili. Saa mbili ni muda ambao familia nyingi hutumia kujadiliana tu.

Nina presha na nimepata nafuu. Naweza kupumzisha dawa ili nipunguze gharama?

Hupati nafuu licha ya dawa. Unapata nafuu kwa sababu ya dawa. Presha isiyotibiwa, na sukari vilevile, huharibu figo kimya kimya bila maumivu yoyote. Figo zikishindwa, damu husafishwa kwa mashine, na kiwango cha SHIF ni shilingi 10,650 kwa kila awamu, kwa kawaida awamu mbili kwa wiki. Hiyo ni 21,300 kila wiki, na nauli bado. Tembe za mwezi hazikaribii hata nauli hiyo. Uliza zahanati ya karibu kama wana kliniki ya presha, na usiruke tarehe.

Zahanati imenitibu bure lakini dawa hakuna. Nifanyeje?

Hutokea, na malalamiko yenu ni ya haki. Kabla ya kukimbilia dukani, rudi kwa aliyekuandikia umuulize mambo mawili: je, kuna dawa nyingine iliyopo hapa inayofanya kazi ile ile, na kituo gani cha karibu kinayo? Mara nyingi ipo mbadala. Hakuambiwa tu kwamba dirishani imekwisha. Ukilazimika kununua, nunua dozi nzima iliyoandikwa. Ikiwa pesa haitoshi, sema hapo hapo, mbele yake, ubadilishiwe dawa, badala ya kwenda kuigawa nusu nyumbani.