Barua pepe ya kubebwa mkononi

Mtandao uliotengwa ni ule usiogusana na intaneti kwa namna yoyote: hauna waya wa kutoka nje, hauna Wi-Fi, hauna laini ya simu. Waliomo ndani bado wanahitaji kuandikiana na walio nje. Basi barua zao hukusanywa kwenye faili, faili hunakiliwa kwenye flashi au CD, mtu huibeba hadi upande wa pili, na seva ya huko huzigawa kwa wenyewe kama kawaida.

Watu wengi wakisikia hivi hudhani ni ujanja wa kulazimisha. Sivyo. Barua pepe tangu mwanzo ni kitu cha kusubiri. Seva hupokea barua, huiweka kwenye foleni, hujaribu kuipeleka, ikishindwa hujaribu tena baadaye. Mwongozo wa SMTP wenyewe, yaani kanuni za seva kupelekeana barua, unashauri seva iendelee kujaribu kwa siku 4 au 5 kabla ya kumrudishia mtumaji. Na kabla ya hapo, kwenye UUCP, mfumo wa kompyuta kupelekeana faili ulioanzia maabara ya Bell Labs, Marekani, miaka ya 1970, kompyuta zilipigiana simu, mara nyingi usiku, zikabadilishana mizigo na kukata. Flashi ni simu ileile, ila hii inatembea kwa miguu.

Kazi iko kwenye bahasha. Ukinakili barua tupu, unabeba karatasi bila anwani ya nje. Mstari wa "Kwa" unaousoma juu ya barua sio unaoiongoza seva. Seva hufuata anwani zilizotajwa pembeni wakati wa kukabidhiana, na hizo ndizo bahasha. Mtu uliyemwekea nakala ya siri haonekani popote ndani ya barua, kwa hiyo bahasha ikiachwa nyuma, yeye hapati kitu na hakuna atakayejua. Dawa ya zamani ni kuandika mazungumzo yote ya seva kwenye faili, mstari kwa mstari: natoka kwa fulani, naenda kwa fulani, barua yenyewe hii hapa. Seva ya ndani huisoma faili hiyo kana kwamba kuna mwenzake anaongea nayo.

Flashi nazo hupotea, au husahaulika mfukoni. Ndiyo maana barua haifutwi kwenye foleni siku inaponakiliwa. Inafutwa safari ya kurudi inapoleta risiti. Ikibebwa mara mbili si neno, kwa kuwa barua huwa na namba yake ya utambulisho, na ya pili inaweza kutambuliwa na kutupwa. Programu kama NNCP hufunga pia mzigo kwa msimbo, anayeiokota flashi njiani asisome chochote.

Hatari kubwa ni kilichojificha kwenye chombo. Stuxnet, programu ya uharibifu iliyogunduliwa 2010, ilienea kwa flashi. Kufungua folda tu kuangalia kilichomo kulitosha kuambukiza kompyuta, na mitambo ya kurutubisha urani ya Natanz, Iran, haikunusurika. Kwa hiyo flashi hupitia kwanza kompyuta ya katikati, ya kuskani tu, na baadhi ya sehemu huruhusu maandishi matupu tu, bila viambatisho. Wenye wasiwasi zaidi hutumia CD ya kuandikwa mara moja: ikishaingia ndani haitoki tena, inavunjwa hukohuko.