Mawasiliano ya seli: melanoma inavyopata njia ya kusambaa

Mawasiliano ya seli ni upashanaji habari baina ya seli za mwili. Njia yake kubwa ni protini: seli huitoa, ikaelea hadi kunasa kwenye kipokezi cha seli nyingine. Protini nyingine hubaki zimechomoza juu ya utando wa seli, na hapo habari haifiki mpaka seli zigusane. Neno "mawasiliano" lisitupoteze, seli haina nia wala hila.

Melanoma, saratani ya ngozi isiyo ya kawaida sana ila hatari kwa kusambaa, huanzia kwenye melanosaiti, seli zitengenezazo rangi ya ngozi. Kila melanosaiti huhudumia keratinosaiti, yaani seli za kawaida za ngozi, zipatazo 36, ikizigawia rangi kwa mikono yake mirefu. Protini iitwayo E-kadherini ndiyo inayozishikanisha, na mshikano huo huizuia melanosaiti isizaliane ovyo.

Katika melanoma, mara nyingi E-kadherini hupungua na N-kadherini ikashika nafasi yake. Hii hushikana na faibroblasti, seli za tabaka la chini. Seli imebadili majirani hata kabla ya kuhama.

Kuna jambo la ajabu zaidi. Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Tel Aviv walionyesha kwamba melanoma, ingali juu, hutuma chini melanosomu, vile vifuko vya rangi ambavyo siku zote huenda kwa keratinosaiti. Safari hii vimebeba mikroRNA, vipande vidogo vya RNA vinavyodhibiti kazi za jeni. Vikiingia kwenye faibroblasti huzibadilisha, nazo zikaanza kuitengenezea saratani mazingira.

Tabaka la juu la ngozi halina mishipa ya damu. Mishipa iko chini, pamoja na ile ya limfu, majimaji yazungukayo mwilini, na kwa mishipa hiyo saratani husambaa. Ndiyo maana daktari hupima kwa milimita melanoma imezama kiasi gani, kipimo kiitwacho kina cha Breslow.

Hata seli za kinga huzungumzishwa. Seli ya saratani ikichomoza PD-L1, protini hiyo hubonyeza kipokezi PD-1 cha seli T, aina ya seli za kinga, na seli T hulegea. Dawa kama nivolumab huziba PD-1 ili ujumbe huo usipokelewe. Tasuku Honjo, ambaye maabara yake ndiyo iliyoigundua PD-1, aligawana Tuzo ya Nobel ya Tiba ya 2018 na James Allison.