Tunapiga kura wapi? Oscar, mashabiki na suala la nani ameitazama filamu

Mwaka 2022, Tanzania ilipoipeleka Vuta N'kuvute, filamu ya Amil Shivji iliyotokana na riwaya ya Shafi Adam Shafi, kuwania Oscar ya filamu bora ya kimataifa, swali moja lilinifikia kutoka kwa watu wengi, wakiwamo jamaa zangu ambao hawakuwahi kuniuliza lolote kuhusu kazi yangu ya uhariri wa filamu: tunapiga kura wapi? Ni swali la haki kabisa kwa mtu aliyezoea tuzo ambazo msanii hutangaza namba ya ujumbe mfupi kwenye ukurasa wake wa Instagram, timu yake ikajipanga, na mshindi akapatikana kwa wingi wa waliotuma. Nililazimika kuwajibu kwamba hakuna pa kupigia, na niliona jinsi jibu hilo lilivyowavunja moyo watu waliokuwa tayari kusimama na filamu yao.

Oscar ni tuzo inayotolewa na wanataaluma kwa wanataaluma wenzao. Akademi inayoitoa iliundwa mwaka 1927, na hafla yake ya kwanza, tarehe 16 Mei 1929, ilikuwa chakula cha jioni katika Hoteli ya Roosevelt huko Hollywood, kikihudhuriwa na wageni wapatao 270 waliokuwa wameshawajua washindi miezi mitatu kabla. Msingi huo haujabadilika sana. Waigizaji huteua waigizaji, wahariri huteua wahariri, na baada ya uteuzi wanachama wa fani zote hupiga kura ya mwisho. Kwa filamu ya kimataifa, kila nchi huleta filamu moja tu iliyochaguliwa na kamati yake, na kabla ya Vuta N'kuvute Tanzania ilikuwa imefanya hivyo mara moja tu, mwaka 2001.

Jambo ambalo mashabiki wengi hawaelezwi ni namna kura ya Filamu Bora inavyohesabiwa, kwa kuwa haihesabiwi kama nyingine. Katika vipengele vingine, mwenye kura nyingi ndiye mshindi. Katika Filamu Bora, mpiga kura huzipanga filamu zilizoteuliwa, ambazo siku hizi ni kumi, kuanzia anayoipenda zaidi hadi ya mwisho. Iwapo hakuna iliyovuka nusu ya nafasi za kwanza, ile yenye nafasi za kwanza chache kuliko zote huondolewa, na kila karatasi iliyokuwa yake huhamia kwa filamu inayofuata katika mpangilio wa mpiga kura huyo, na kazi hiyo hurudiwa mpaka filamu moja ivuke nusu.

Uzito wa utaratibu huu niliuelewa nilipokuwa jaji katika tamasha dogo. Tulikuwa majaji watano. Wawili tuliing'ang'ania filamu moja, wawili wakashika nyingine, na mmoja akawa na ya kwake. Ya kwake ilipoondolewa, karatasi yake ilihamia kwa ile aliyoiweka ya pili, nayo haikuwa yetu. Filamu yetu, ambayo hadi leo naiona kuwa kazi yenye ujasiri kuliko zote za mwaka ule, ilishindwa kwa sababu wenzetu watatu waliiweka chini. Hesabu ya namna hii humpa ushindi anayekubalika kwa wengi, wala haimnufaishi sana anayependwa kupita kiasi na wachache na kukataliwa na waliobaki. Shabiki hupenda kupita kiasi, na ndiyo sababu utaratibu huu humkera hata pale ambapo hakuna aliyemdhulumu.

Manung'uniko hayo yaliwahi kuigusa Akademi yenyewe. Mapema mwaka 2009, The Dark Knight, filamu iliyoingiza zaidi ya dola bilioni moja, haikuteuliwa kuwania Filamu Bora, na miezi michache baadaye idadi ya wateule ikapandishwa kutoka watano hadi kumi. Agosti 2018 kilitangazwa kipengele kipya cha filamu inayopendwa na umma. Watu wa filamu walikipinga vikali, wakihofu kwamba kazi zenye watazamaji wengi zingetengewa chumba cha uani, na baada ya takriban mwezi mmoja kikasitishwa. Nawaunga mkono waliokipinga: Black Panther, ambayo wengi walidhani ndiyo iliyokusudiwa kufarijiwa hivyo, iliteuliwa kuwania Filamu Bora yenyewe na ikatwaa Oscar tatu.

Jaribio la mwaka 2022 ndilo lenye mafunzo zaidi. Mashabiki waliombwa kuchagua filamu waipendayo kwa kupiga kura Twitter, na kila akaunti iliruhusiwa kura 20 kwa siku. Mshindi alikuwa Army of the Dead ya mwongozaji Zack Snyder, na katika kura nyingine, ya tukio la filamu la kushangiliwa zaidi, mshindi akatoka katika filamu yake nyingine. Spider-Man: No Way Home, iliyoingiza fedha nyingi kuliko zote za 2021 na kujaza kumbi duniani kote, ilikuwa nyuma. Waliompigia Snyder walikuwa wamepata uzoefu katika kampeni ndefu ya kudai toleo lake la filamu ya Justice League litolewe, kampeni ambayo pia ilichangisha zaidi ya dola 500,000 kwa ajili ya kuzuia watu kujiua. Siwadharau hata kidogo, kwani walifanya kile walichoombwa kufanya. Kosa ni la aliyetunga swali, maana kura 20 kwa siku hupima ustahimilivu wa timu, na hakuna aliyeulizwa kama filamu yenyewe ameiona.

Hapo ndipo ninapoona mpaka wa kweli, nao haupo kati ya mtaalamu na shabiki. Tamasha la filamu la Toronto limekuwa na tuzo ya watazamaji tangu 1978, inayoamuliwa na watu walioingia ukumbini, na filamu kama Slumdog Millionaire na Green Book zilianza kwa kushinda hapo kabla ya kutwaa Oscar ya Filamu Bora. Nayo Akademi, Aprili 2025, ilitangaza kwamba mwanachama hatapiga kura ya mwisho katika kipengele chochote bila kuwa ametazama filamu zote zilizoteuliwa humo. Ilichukua karibu miaka mia moja kuwataka wataalamu watimize sharti ambalo mnunuzi wa tiketi wa Toronto alikuwa akilitimiza kwa kukaa tu kitini.

Katika maonyesho madogo ninayoyaandaa hapa mtaani sitangazi namba ya simu. Karatasi ya kura mtu huipata mlangoni anapotoka, moja tu, na ana nafasi tatu za kuzipanga filamu za jioni hiyo. Mwanzoni niliwanyima waliotoka kabla ya mwisho, kisha nikaona nimekosea, kwa sababu kunyanyuka katikati ya filamu nako ni jibu. Sasa huwapa karatasi ya rangi nyingine na kuwaomba waandike ni tukio gani lililowatoa kitini, na kwa kuwa mimi ni mhariri, hizo ndizo ninazozisoma kwanza.